Nilichokificha Chini ya Unga

Laela, Jumamosi alasiri

Skola mwanangu,

Baba yako mdogo Gaudensi ameapa kwamba kesho alfajiri, kabla hujapanda basi, atakuambia jambo ambalo nimekuficha tangu ukiwa mtoto. Jana ulipokwenda kusuka nywele alikuja na pikipiki kutoka Mwimbi. Hakuvua hata koti. Alisimama mbele ya karai langu, wateja wakisikia, akasema, "Huyu msichana asiende kupika Arusha. Ukoo wetu ulishaaibishwa na karai mara moja, inatosha. Ukimwacha apande hilo basi, nitamwambia ulichomfanyia."

Nikamjibu, "Mwambie. Lakini utakuta ameshajua."

Ndiyo maana leo nimefunga banda jua likiwa bado juu, nimekaa kwenye benchi la wateja na daftari lako la zamani la sayansi, kurasa zilizobaki zinatosha. Mama yako nitampa hii akupe jioni hii hii, uisome kabla hujalala. Habari za blanketi, na nani atakupokea stendi, na usiweke simu mfuko wa nyuma, sitaandika. Mama yako ameshazisema mara tatu na najua atasema mara ya nne. Mimi nakuandikia habari za samaki.

Umeniuliza mara nyingi, na tangu urudi kutoka chuo cha hoteli Mbeya umeniuliza zaidi: "Baba, kwa nini hutaki kupaka unga mzito? Watu wanapenda samaki mnene, anayelia kachu." Nimekuwa nikikujibu kwamba unga mzito unakula mafuta. Ni kweli, unakula mafuta. Lakini hilo silo jibu.

Nilipofika Sumbawanga nilikuwa kijana wa darasa la saba kutoka Mwimbi, sijui kitu ila jembe na ng'ombe. Nilipata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja, silitaji jina, ilishabadilisha wenyewe na jina pia. Mpishi mkuu alikuwa Mzee Kalisti, ambaye ujana wake wote alikuwa amewapikia mapadre misheni. Mzee yule alikuwa mkali na hakuwa na maneno mengi, lakini aliniona namwangalia mikono. Siku moja akanivuta mbele ya meza. Alikuwa amepanga sahani tatu: ya kwanza unga wa ngano, ya pili mayai yaliyopigwa, ya tatu chenga za mkate mkavu aliokuwa ameutwanga kwenye kinu.

"Mkono huu ni wa vikavu," akasema, "huu ni wa mayai. Ukivichanganya, utakaanga vidole vyako."

Nilivichanganya, bila shaka. Vidole vyangu vikavimba kwa unga kama maandazi, jikoni wote wakacheka. Lakini jioni ile nilikuwa nimeshajua. Nilijifunza kumkausha samaki kwa kitambaa kwanza, maana unga haushiki kwenye maji. Nilijifunza kukung'uta unga uliozidi, na kumwacha samaki atulie kidogo akishavishwa, ili chenga zishikane zisije zikabaki kwenye karai. Nilijifunza kudondosha tone la rojo kwenye mafuta na kusikiliza. Nilipenda, Skola. Sijui nikuambieje. Nilipenda kama wengine wanavyopenda mpira. Kipande cha samaki cheupe, kilegevu, unakivisha, unakitumbukiza, kinatoka rangi ya dhahabu na kinaongea ukikigusa kwa uma. Niliona ni mimi niliyekifanya kiwe hivyo.

Nyumbani hawakupenda. Gaudensi ni mdogo wangu lakini ndiye aliyebaki na baba shambani, na kila nilipokwenda kusalimia alikuwa na lake. "Mwanamume mzima unafunga aproni." Babu yako alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Mimi nilikuwa nachukua kuku wa mama, nachinja, nakaanga, nawawekea mezani. Wanakula wote, wanalamba vidole, kisha wanaendelea kunicheka. Nikasema moyoni, chekeni. Siku moja mtakuja mjini mkiulizia jina langu.

Angalia hilo neno, jina langu. Hapo ndipo nilipoanza kuharibika, na wakati ule niliona ni ujasiri.

Mzee Kalisti alipostaafu niliachiwa jiko. Nilikuwa nimeshamwoa mama yako, wewe umeshazaliwa, tunakaa mtaa wa Izia. Samaki wa hoteli tulikuwa tunaletewa na mama mmoja kutoka Kasanga, mwanamke wa Kiislamu, mrefu, anavaa kanga mbili na sweta la kiume kwa sababu ya baridi yetu. Alikuwa anapanda na Fuso, samaki ndani ya barafu, na hakuwahi kuleta samaki ambaye yeye mwenyewe hangemla. Huyo mama unamjua. Ndiye Bibi Zuhura, wakati ule tukimwita Mama Zuhura. Ndiye huyu huyu aliyekununulia viatu vya chuo, ambaye wiki iliyopita ulimkumbatia ukalia.

Ulikuwa na miaka sita. Familia moja ya jumuiya yetu ilikuwa na sherehe ya kipaimara ya mtoto wao, wakakodi ukumbi wa hoteli. Sherehe ilikuwa Jumamosi. Mama Zuhura alileta migebuka Alhamisi asubuhi, macho maangavu, ukibonyeza nyama inarudi. Siku ile ile mchana umeme ukakatika. Jenereta lilikuwepo, mafuta ya jenereta hayakuwepo. Mama Zuhura alikuwa bado yupo uani anasubiri Fuso la kurudi, akaniita.

"Baba Skola, umeme huu siuamini. Kaanga leo. Usiwalaze hawa samaki."

Nilikwenda kwa meneja. Meneja akasema umeme utarudi jioni, na wageni wa kipaimara wanataka samaki wa moto, si viporo. Nikarudi jikoni nikafunga mlango wa friji, nikaweka na jiwe ili usifunguke ovyo. Umeme haukurudi jioni ile. Ulirudi Ijumaa saa za mchana, ukakaa kidogo, ukakatika tena.

Jumamosi asubuhi nilifungua friji. Sihitaji kukueleza harufu, umesoma hayo mambo. Si kwamba walikuwa wameoza kabisa. Hapo ndipo ugumu ulipo, mwanangu. Wangekuwa wameoza kabisa, hata meneja angewatupa. Walikuwa katikati. Nilibonyeza kwa kidole na shimo likabaki pale pale, linaniangalia.

Meneja akaja, akanusa, akarudi nyuma hatua moja. Kisha akasema maneno ambayo nayasikia hata leo nikipepea mkaa: "Weka limau, weka kitunguu saumu, pilipili manga nyingi. Unga mzito. Nani ataona?"

Gaudensi atakuambia nililazimishwa. Huwa anasema hivyo akitaka kunitetea, na kesho akikuonea huruma anaweza kuanzia hapo. Usimsikilize. Sikulazimishwa. Ningeweza kusema hapana. Ningefukuzwa, ndiyo, lakini nilikuwa na mikono miwili na shamba Mwimbi. Ukweli ni kwamba meneja aliposema vile, mimi niliona ni mtihani. Nilijiambia, hebu tuone kama Benedikto anashindwa na samaki. Nikawaosha kwa siki na chumvi. Nikawaloweka kwenye viungo. Nikapiga rojo zito la ngano na mayai, manjano kidogo kwa rangi, nikawachovya, nikawaviringisha kwenye chenga, nikawachovya tena, nikawaviringisha tena. Ngozi mbili. Walitoka kwenye mafuta wakiwa wazuri kuliko samaki wote niliowahi kukaanga. Nilijivuna, Skola. Nisikufiche, nilisimama juu ya zile sinia nikajivuna.

Wageni walikula. Mshereheshaji aliniita ukumbini watu wanipigie makofi, na mimi nikatoka na aproni yangu, nikainama. Na nilipoinua kichwa nikakuona.

Sikujua kama mama yako angekuja na wewe. Alikuwa amesema utabaki kwa jirani. Ulikuwa umekaa pale kwenye viti vya watoto na gauni lako la njano, na kipande cha samaki mkononi, unakipuliza maana kilikuwa cha moto. Ulinipungia kwa mkono ule mwingine.

Kutoka niliposimama mpaka ulipokaa ilikuwa ni hatua kumi, si zaidi. Ningekuja nikakunyang'anya. Ningesema chochote, ningesema kina miiba. Lakini watu wote walikuwa wananitazama, na kama mpishi anamnyang'anya mwanawe chakula alichokipika mwenyewe, watu wangeweka sahani chini. Nilisimama. Nikakuona unang'ata. Nikakupungia na mimi.

Hili ndilo jambo, mwanangu. Gaudensi hana jingine zaidi ya hili. Nilikuona.

Ulikula vipande viwili. Usiku ule ulitapika mpaka ukatoka nyongo, na asubuhi ulikuwa huwezi kuinua shingo. Hospitali tulikuta nusu ya wageni wa kipaimara wapo kwenye korido. Walikutundikia dripu kwenye mkono ambao ulikuwa mwembamba kama mpini wa mwiko wangu. Siku tatu. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu na manesi. Mama yako alikaa kitandani kwako siku zote tatu, na mimi nilikaa chini, kwenye sakafu, na wakati wote ule sikumwambia kitu.

Meneja ndiye aliyesema. Aliwaambia watu wa afya na wenye sherehe kwamba samaki waliletwa wakiwa wameshaharibika, kwamba yule mama wa Kasanga amezoea kuwauzia watu wa mjini mabaki. Waliniuliza mimi kama ni kweli. Nilisema, "Mimi napika ninacholetewa."

Sentensi hiyo moja. Haikuwa hata uongo ukiipima neno kwa neno. Niliivisha vizuri, kama nilivyowavisha samaki.

Sokoni walimpindulia Mama Zuhura mabeseni. Wanawake waliokuwa wamekaa naye safu moja miaka mingi walihamisha meza zao. Wengine wakaongeza na yao, kwamba yule mama anatupia dawa kwenye samaki. Unajua watu wetu. Hata mvua ikichelewa anatafutwa mtu. Mama yako mwenyewe, ambaye unamjua hana kinywa kibaya, alimlaani mama yule mbele ya jumuiya nzima, na mimi nimekaa kando yake nashika rozari.

Miezi ikapita. Ulinona tena, ukaanza shule. Ila ulikuwa hugusi samaki. Ukisikia harufu yake unatoka nje. Siku moja, ilikuwa mwezi wa sita na baridi ile ya kukata masikio, nilikuwa nakupeleka kununua sweta, tukapita safu ya samaki. Mama Zuhura alikuwa amerudi. Alikuwa ameweka beseni moja tu, pembeni kabisa, karibu na mtaro, na hakuna aliyekuwa amesimama mbele yake. Alituona. Akatabasamu, akasema kwa upole, "Skola, umekua. Hunisalimu?"

Nilikuwa nimekufundisha kutoa shikamoo kabla hujajua kuhesabu. Lakini ulisimama, ukamnyooshea kidole, ukasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza nyanya: "Wewe ndiye uliyetaka kuniua na samaki wako."

Watu walicheka. Wengine waligonga viganja. Mama Zuhura aliinua macho akaniangalia mimi, si kwa hasira, ila kama mtu anayeuliza njia.

"Baba Skola," akasema, "mtoto huyu amefundishwa na nani?"

Sijui nilivyopata sauti. Siku zote nimekuwa mtu wa kuongea na karai. Nilijikuta nimeshika ukingo wa beseni lake na nasema, na nilivyoona wengine hawasikii, nikasema kwa nguvu zaidi: "Samaki walikuwa wazima. Aliwaleta Alhamisi wakiwa wazima, akaniambia nikaange siku ile ile. Tumewalaza sisi. Mimi ndiye niliyewapaka unga mzito nikijua wameharibika. Mimi. Na mtoto wangu huyu nilimwona anakula."

Hakuna aliyecheka tena. Ulikuwa umenishika suruali. Nadhani hukuelewa, maana ulisema, "Baba, twende kwenye sweta."

Kufikia jioni mji mzima ulijua. Nilifukuzwa kazi kabla sijafika nyumbani, meneja aliniambia kwa simu kwamba mimi ni mwongo na kwamba atanishitaki. Nikamwambia anishitaki, nitakuja na shahidi mmoja, friji. Hakunishitaki. Mama yako alinisikiliza mpaka mwisho, akakubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa wa kutembea, akaenda kwao. Alikaa huko mpaka mahindi yakavunwa yakaisha. Alirudi mwenyewe, sikumfuata, nilikuwa sina uso wa kumfuatia. Akaweka mzigo chini akasema, "Nimerudi kwa sababu ulisema. Ningekuwa nimeambiwa na mtu mwingine, nisingerudi."

Sasa Gaudensi. Nisikilize vizuri hapa, kwa sababu huyu ni baba yako mdogo na kesho utamwamkia kwa heshima kama kawaida. Alikuja Sumbawanga wiki ile, amekunja uso. Nilidhani amekuja kunilaumu kwa watu waliougua. Aliniambia hivi: "Ungenyamaza tu, kaka. Mambo yalikuwa yameshakwisha. Nani alikutuma useme sokoni?" Kwake yeye aibu ya ukoo haikuanza siku niliyokaanga. Ilianza siku niliyofungua mdomo. Miaka yote hii tunagombana juu ya hilo moja, hata tukigombania mpaka wa shamba. Na anaposema leo kwamba wewe usiende jikoni mwa watu kwa sababu ya jina letu, ni jambo lile lile. Anataka tujifunike tukae kimya. Sitaki. Nilishajifunika mara moja, na chini yake nilikuwa naoza.

Mama Zuhura hakunisamehe pale sokoni, usidhani. Aliniambia, "Umesema mbele ya wauza nyanya. Sasa nenda kawaambie walionifungia milango." Nikaenda. Nyumba kwa nyumba, wote waliokula kwenye kipaimara kile, niliokuwa nawajua na nisiowajua. Pale Izia mama mmoja alinimwagia maji ya vyombo. Mwingine hakunifungulia. Mzee mmoja aliyekuwa amelazwa wodi moja na wewe alinisikiliza, akaniuliza, "Kwa hiyo ile ladha nzuri ilikuwa limau?" Nikasema ndiyo, limau na pilipili manga. Akatikisa kichwa, akasema, "Ulikuwa fundi mbaya sana." Sijui mpaka leo alimaanisha ubaya gani.

Tukahamia hapa Laela, kwenye mabasi na wanunuzi wa mahindi, ambako nilidhani hakuna anayenijua. Walinijua wiki ya pili. Basi nikasema, kama mnanijua, mtanijua vizuri. Niliweka meza barabarani, samaki wabichi juu, wanaonekana, na kibao: chagua mwenyewe, bonyeza mwenyewe. Unamchagua, namkata mbele yako, namvisha mbele yako. Watu walikuwa wanapita wanacheka. "Huyu ndiye yule wa kipaimara." Nilikuwa nawaitikia, "Ndiye mimi! Njoo ubonyeze." Wewe ulikuwa mdogo, ukadhani ni utani wa biashara.

Ngano sikutaka kuigusa tena. Nilichukua ulezi wa kwetu. Hapo watu walicheka zaidi, maana ulezi ni wa ugali na uji na pombe, nani anaukaanga? Na wiki za mwanzo walikuwa na haki ya kucheka, Skola. Ulezi haunati. Ulikuwa unabaki kwenye mafuta, karai linageuka tope, samaki wanatoka uchi. Rangi yake nayo ni nyeusi tangu mwanzo, huwezi kuangalia uone ameiva au ameungua. Nilitupa, nikatupa, nikatupa. Kisha mama yako, ambaye bado alikuwa ananisemesha maneno machache kwa siku, alikuwa anakumiminia uji wa ulezi, ukamwagika mezani ukakauka. Alikuja kuufuta, haukutoka. Akakwangua kwa kisu, akaniita, "Baba Skola, hebu njoo uone gundi yako."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Uji mwepesi wa ulezi, uliopoa kabisa, unamchovya samaki mkavu, halafu unamgeuza kidogo kwenye ulezi uliokaangwa na kusagwa chenga chenga. Ngozi nyembamba, unauona mkia, unaona mistari ya mgebuka yenyewe. Kuiva kwake unakujua kwa kusikiliza: mlio unapungua, unakuwa kama mvua inayokwenda mbali. Wewe umeyajua haya tangu hujafika urefu wa meza, na hukujua yalitoka wapi.

Mama Zuhura alikuja siku moja na Fuso la mahindi, akashuka na beseni. Alikuwa hajazungumza nami tangu Sumbawanga. Aliliweka juu ya meza. "Kaanga, nione." Nikakaanga. Alikula amesimama, akamaliza, akala na mkia. Akafuta mkono kwenye kanga. "Jumatatu nitaleta wengine," akasema. Basi. Hatujawahi kuliongea zaidi ya pale. Mara ya kwanza wewe kula samaki tena, ulikuwa na miaka kumi, ni yeye aliyekulisha, pale kwenye benchi hili, na mimi nilikwenda nyuma ya banda nikalia kama mtoto.

Kwa nini sikukuambia? Mama yako naye alisema tusubiri ukue. Ukakua. Nikasema ukimaliza kidato cha nne. Ukamaliza. Nilikuwa naongeza ngozi juu ya ngozi. Nilikuwa naogopa jinsi unavyoniangalia ukinionjesha kitu, ukisubiri niseme. Niliogopa uache kuniangalia hivyo. Leo nimeogopa zaidi kwamba utalisikia kutoka kwa mtu anayelitumia kama kamba ya kukufungia.

Huko unakokwenda ni hoteli kubwa. Wakisikia unatoka Sumbawanga watakuuliza habari za radi na uchawi, wacheke. Waache wacheke, wapikie. Watakuambia ulezi ni chakula cha kijijini, kama yule mwalimu wako wa Mbeya alivyosema kabla hajaomba kipande cha pili. Hayo hayanitishi. Linalonitisha ni wewe kuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Mimi nimekuona unavyovisha kuku. Hukung'uti mara mbili, mara moja tu na unga umekaa sawa. Siku moja mtu mwenye funguo atasimama nyuma yako na sinia la kitu kilicho katikati, atakuambia wewe tu ndiye unayeweza kukiokoa. Atakusifia, mwanangu. Mimi nilishindwa kwa sababu ya sifa. Sijui utafanya nini siku hiyo na sikupangii. Nilikuwa na baba, nilikuwa na padre, nilikuwa na Mzee Kalisti, na wote walikuwa wamenifundisha vizuri.

Nimekuandikia haya bila kujitetea, na kama kuna mahali nimejitetea, pafute. Sikuombi unisamehe leo. Soma, ukitaka soma tena, muulize mama yako, yeye hatakupunguzia. Huenda kesho utashindwa kunisalimu. Huenda utapita mbele yangu na begi lako kama unampita mtu wa barabarani, na mimi nitakaa pale pale nikutazame, nina haki gani ya kukuita?

Lakini panda basi, Skola. Usiniadhibu kwa kubaki hapa, maana ukibaki watakaoshinda ni wale wanaotaka tukae kimya. Hasira yako ni halali yako yote, siipunguzi hata punje. Ila nikasirikie ukiwa Arusha.

Baba yako,
Benedikto